Kola Zilizopinda

"Nimeshasema sijaichukua," Chaji alifoka akiwa ameingiza kichwa na mabega chini ya meza. "Kila kitu kikipotea humu ndani ni mimi. Hata mvua isiponyesha mtasema nimeificha."

"Punguza mdomo, ongeza macho," mama alimjibu bila kuondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani. "Jana miwani ya bibi yako ilipatikana kwenye kiti ulichokalia wewe. Leo imepotea tena. Hawezi hata kusoma maandishi kwenye chupa ya dawa yake. Mnamgeuza mama yangu kipofu."

"Mimi si kipofu, mwanangu," bibi alisema kutoka mlangoni. "Mbali naona vizuri sana. Muuza maji ametupita sasa hivi kwa sababu nyote mnapiga kelele."

Chumba cha mbele cha nyumba hiyo kilikuwa karakana ya ushonaji. Mama alikuwa fundi cherehani, na vipande vya vitambaa vilimfuata mpaka jikoni. Kijana wake walimwita Chaji, kwa kuwa hakuingia nyumba ya mtu bila kuuliza soketi iko wapi. Binti yake wa miaka kumi na miwili, mtoto wa mwisho, walimwita Kitinda.

Wakati huo Kitinda alikuwa kwenye kona, ameinamia kola nyeupe. Kola hizo zilikuwa za sare za kwaya ya shule, na yeye ndiye aliyepewa azitarizi maua madogo ya bluu. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya mteja. Akiiharibu, angerudi kuokota pini na kufagia nyuzi, na mwalimu wa kwaya alikuwa anakuja kesho asubuhi. Hakutulia. Alidunga sindano, akaichomoa, akafikicha macho, akadunga tena. Miwani ya bibi ilikuwa mfukoni mwake.

Ilianza kama mchezo. Kutarizi alijifunza kwa kutazama video kwenye simu ya Chaji, na siku za karibuni picha zilikuwa zinacheza, kichwa kinamgonga. Siku moja akajaribu miwani ya bibi. Picha zikatulia. Akaona amepata dawa, akaendelea kutazama saa nzima zaidi.

"Basi," mama alisema. "Chaji, lete simu. Inakaa kwangu mpaka miwani ionekane."

"Mama, kazi za shule zimo humo."

"Lete."

Chaji aliitoa simu polepole, uso umemvimba. Kitinda alimtazama kaka yake, kisha akaitazama kola. Sindano ikamdunga kidole.

"Ninayo mimi," alisema.

Cherehani ilinyamaza. Alimpelekea bibi miwani kwa mikono miwili, akaeleza yote kwa pumzi moja. Mama hakumkemea. Alizichukua kola zilizokwisha, akazipanga mezani moja baada ya nyingine. Mstari wa maua ulianzia juu ya kola, ukateremka kama mtu anayeshuka ngazi.

"Wewe uliona yamenyooka?"

"Nikiwa na miwani, ndiyo."

"Njoo hapa. Soma kile kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara."

Kitinda alikunja uso. "Ni cha kijani."

"Sikukuuliza rangi. Vaa viatu, tunaondoka."

Kwenye kliniki ya macho hawakusubiri sana, lakini Kitinda alikaa na kusimama kwenye benchi mpaka mama akamshika goti. Mtaalamu wa macho alimmulika kwa tochi ndogo, akamsomesha herufi ukutani, kisha akavuta kiti karibu.

"Simu unaitazama muda gani?"

"Kidogo tu."

Mama alikohoa.

"Nikitoka shule mpaka giza linapoingia," Kitinda alisahihisha.

"Nionyeshe unavyoishika."

Kitinda alileta kiganja mbele ya uso.

"Hapo huitazami, unainusa," mtaalamu alisema, na hata mama akacheka. "Sikiliza, binti. Mtu akikodolea skrini husahau kupepesa, jicho likakauka, likawasha. Tena ndani ya jicho mna msuli unaokaza ili uone vitu vya karibu. Kunja ngumi mchana kutwa uone mkono utakavyokuwa. Miwani ya bibi imetengenezwa kwa macho ya bibi. Wewe ilikupa nguvu ya kuendelea kujichosha."

"Nitahitaji miwani yangu?"

"Leo siandiki, macho yaliyochoka hudanganya kipimo. Yapumzishe, urudi baada ya wiki mbili. Simu ishike mbali kama urefu wa mkono. Kila baada ya dakika ishirini, inua macho utazame kitu cha mbali kwa sekunde ishirini, upepese. Na kila siku toka nje ukacheze kwenye mwanga wa jua, macho ya mtoto yanauhitaji." Akamgeukia mama. "Anatarizi wapi?"

"Kwenye kona," mama alisema. Kisha akaongeza, "Dirisha nimelikalia mimi."

Njiani Kitinda alipiga hatua za haraka, akasimama, akapiga tena. "Mama, kola utampa nani?"

Mama aliongeza mwendo mpaka wakafika nyumbani. Chaji alikuwa amekaa kizingitini na bibi.

"Kaka, nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila vyombo vya wiki hii ni vyako."

"Haki yake," mama alisema. "Sasa nisikilize wewe. Macho kuchoka si kosa. Kosa ni kuufunika ugonjwa kwa dawa ya mwingine, halafu mwenzako akabeba lawama yako. Mwili ukilalamika, sema mapema. Nguo iliyochanika naitia kiraka, jicho sina kiraka chake. Na mimi nimekosea kukuweka gizani." Akatoa simu yake, akamwekea mkononi. "Mpigie mwalimu. Mwambie kola hazitakuwa tayari kesho, na umwambie sababu. Kazi ni yako, na maneno ni yako."

Kitinda alibonyeza namba. "Shikamoo, mwalimu. Ni binti wa fundi. Kola nimezitarizi maua yakapinda, nilificha kwamba macho yananisumbua. Naomba mpaka Ijumaa nizifumue nizianze upya."

Alisikiliza, akitikisa kichwa kana kwamba mwalimu alikuwa anamwona. "Asante, mwalimu." Akashusha simu. "Amekubali. Amesema zikipinda tena atamvalisha mbuzi."

"Atamvalisha kweli, namjua," mama alisema, tayari ameshainamia cherehani. "Chaji, shika upande ule. Kitinda, ondoa kiti."

Wakaiburuta cherehani mpaka katikati ya chumba, wakaisukuma meza ya kutarizia dirishani. Mama akazikunja kola zote, akaziweka juu yake.

"Kesho utaanza kufumua. Leo usiguse. Nendeni nje, wote wawili."

Kitinda alishatoka.