NDOO YANGU YA NJANO ILIVYOFIKA ULAYA KABLA YA MWENYEWE

"Ile si ndoo yangu?!"

Nilipiga kelele hadi mwiko ukanitoka mkononi.

Jamani... niko Turffontein, Johannesburg, sebuleni kwangu, nyumba imejaa watu hadi mlangoni. Kwenye televisheni kuna ukumbi wa maprofesa huko Ureno. Na kwenye ukuta wa ule ukumbi, kubwa kama geti, naiona ndoo yangu ya njano!

Ile iliyokuja na rangi ya kupaka nyumba. Ile yenye ufa nilioubandika kwa gundi ya saluni.

Ndani ya ndoo, mhogo wa Dada Victoire.

Lakini jina lililoandikwa chini ya picha... halikuwa la Victoire!

Nikamgeukia. Kikombe kimemponyoka, chai inatambaa kwenye kapeti, na mwenyewe hana habari.

Subirini niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni Zubeda, mtoto wa Tanga. Nina saluni, na hii nyumba nimeipanga nikapangisha vyumba, maana napenda nyumba ijae. Nyumba ikiwa kimya mimi naumwa kichwa.

Victoire alikuja kwangu kutafuta chumba. Ananiita yaya, kwao ni dada mkubwa. Kwao Bukavu alikuwa anafundisha chuo kikuu. Ni daktari, ila wa mihogo, si wa sindano. Vita ikamleta huku. Mchana anasuka rasta saluni kwangu, jioni anarudi kwenye utafiti wake.

Maabara yake iko wapi?

Uani kwangu! Ndoo zimejipanga ukutani kama watoto wa shule.

Anatafuta mhogo unaovumilia baridi, kwa ajili ya watu wa milimani kwao. Na baridi ya Joburg mwezi wa saba mnaijua. Asubuhi majani yako meupe, utadhani kuna mtu kayapaka unga.

Sasa kila ndoo aliipa jina la mtu wetu. Siku moja nikamuuliza:

"Dada, si uweke namba tu kama wasomi wenzako?"

"Yaya Zubeda, namba nani ataimwagilia maji? Lakini ukiona jina lako, utaamka kuangalia kama umelala salama."

Akawa kanipata! Kila asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki, niko uani namwangalia Zubeda wangu kwenye ndoo ya njano. Zubeda anadunda tu. Barafu inampiga, yeye anatoa jani jipya.

Placide, mpangaji wangu mwingine, mlinzi kutoka Lubumbashi, mhogo wake ulikua umeegemea upande mmoja.

"Kama wewe ukiwa zamu ya usiku," nikamwambia.

"Mama Zube, unitukane mimi, uache mti yangu!"

Kasheshe ilikuwa kwa Mayasa. Mayasa ni Mzanzibari, tunasuka naye saluni. Ana huruma hadi inakera. Victoire alishasema: marufuku kufunika, marufuku kubembeleza, tunataka tuone baridi inafanya nini.

Asubuhi moja ya barafu, Mayasa akaona mmea wake unatetemeka. Akauonea huruma.

Akaumwagia maji ya moto. Ya kwenye birika! Ili upate joto!

Ukafa palepale.

Tulicheka hadi tukakaa chini. Mayasa akalia machozi ya kweli. Victoire hata hakumgombeza. Akakaa na kompyuta yake mezani jikoni, na alipofika kwenye ndoo ile akaandika neno moja tu: joto.

"Huelezi ilivyokuwa?" nikamuuliza.

"Nitamwaibisha Yaya Mayasa mbele ya mabwana wakubwa? Hapana. Joto inatosha."

Hilo neno joto, liwekeni akilini.

Basi. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, ukaingia mwaliko. Mkutano mkubwa Ureno, mwezi wa tisa, anatakiwa akasimame aeleze mihogo yake. Aliyemtafutia nafasi ni Profesa Gaël, Mkongo wa Bukavu kama yeye, ila kaondoka kwao mdogo, kakulia Ulaya.

Nyumba nzima tulipiga vigelegele!

Lakini Victoire ana zile karatasi zetu za hifadhi ya ukimbizi. Huwezi kwenda uwanja wa ndege hivihivi. Ukitoka bila ruhusa ya maandishi, ukirudi huna chako. Akaomba ruhusa.

Jibu likaja.

"Banakataa, yaya."

"Kwa nini?"

"Basema wenyeji kule hawajathibitisha kama bananingoja."

Akamwandikia Gaël. Barua ndefu, kurasa na kurasa. Nilimwona anavyofuta, anavyorudia, anavyosoma kwa sauti ya chini. Jibu la Gaël lilikuja kesho yake:

"Nimeshathibitisha, dada yangu. Ofisi za huko unazijua. Omba tena. Na unitumie picha za ndoo."

Akatuma picha. Akaomba tena.

Akakataliwa tena! Sababu ileile!

Nyie, hiyo miezi tulikaa na mtu asiyetulia. Anaosha vyombo vilivyooshwa. Anasuka huku simu iko mapajani, ikilia kidogo tu anashtuka, mteja anavutwa nywele.

"Haibo, sisi! We dada, kichwa changu!" Mteja mmoja wa Rosettenville nusura amrushie kitana.

Usiku nasikia miguu yake koridoni. Anakwenda, anarudi. Mtu aliyewahi kuzuiwa mlangoni na karatasi anaujua huo mwendo.

Na barua haziishi. Gaël anauliza udongo, anaandikiwa udongo. Anauliza vipimo, anatumiwa vipimo. Yeye kujibu?

Dole gumba.

Nilishindwa kuvumilia. "Dada, huyu mtu unamwandikia gazeti zima, yeye anakujibu kwa dole!"

"Ni mtu wa kazi nyingi, yaya. Ni ndugu wa kwetu."

"Hata ndugu anasema asante!"

Akaendelea kuandika.

Mkutano ulipokaribia, Gaël akatuma ujumbe mrefu kuliko yote, mistari mitatu mizima. Eti kwa kuwa ruhusa imegoma, amtumie kazi yote, ataisoma kwa jina lake Victoire. Ukumbi mzima utamjua.

Nilimwona akibonyeza kutuma. Kidole kilisimama hewani... kikasimama...

Kikashuka.

Haya, siku ikafika. Ilikuwa Jumapili mchana. Victoire kaingia mkutanoni kwa mtandao, na Placide kaunganisha simu yake kwenye televisheni. Nimepika sombe, kisamvu cha kina Victoire, Mayasa kaleta chapati, wateja wamekuja, majirani wamekuja. Victoire kavaa kitenge kipya kama anayekwenda kupanda jukwaani mwenyewe.

Gaël akatokea. Suti, miwani, tabasamu.

"Sasa ataanza kwa kunitaja," Victoire akasema, kakaa kwenye ncha ya kiti.

Hakumtaja.

Picha ya kwanza, ndoo yangu. Chini yake: GAËL. Peke yake!

Hapo ndipo nilipowaanzia.

Jamaa anamwaga Kifaransa, mimi siambulii kitu. Ila nasikia "Zubeda". Nasikia tena "Zubeda". Jina langu linazungushwa mdomoni na mtu ambaye hata chai yangu hajawahi kunywa!

"Placide, anasemaje?"

"Anasema ni utafiti wake. Kila kitu anasema mimi, mimi, mimi."

"Victoire, ongea!"

Macho yake hayatoki kwenye televisheni. Nimewahi kuona watu waliotapeliwa, lakini sijawahi kuona mtu anasikiliza barua zake mwenyewe zikisomwa na mwizi, neno kwa neno.

Ikafika zamu ya maswali. Mwenyekiti, mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, akauliza kitu.

Placide akatafsiri. "Anauliza haya majina yanatoka wapi. Zubeda, Placide, Mayasa."

Gaël akanywa maji. Akarekebisha miwani.

Akajibu.

Placide akatoa macho.

"Sema basi!" nikamvuta shati.

"Mama Zube... anasema ni vijiji."

"NINI?"

"Vijiji vya Kongo. Anasema alifika mwenyewe kuchukua mbegu. Zubeda ni kijiji kikubwa, kiko juu ya mlima."

Sebule nzima ikanigeukia. Mimi! Kijiji kikubwa!

Bado sijapumua, yule mama akauliza tena. Kwenye jedwali Mayasa kafa kwa joto. Huu si utafiti wa baridi? Joto limetoka wapi?

Gaël akanywa maji tena. Glasi nzima!

Placide akashika kichwa. "Anasema kijiji cha Mayasa kiliungua moto. Kilikwisha chote."

"Mimi nimeungua lini?!" Mayasa karuka na chapati mkononi. "Huyu ananiombea dua mbaya!"

Hapo ndipo nilipoiona simu ya Victoire mezani. Kuna alama ya kipaza sauti, nyekundu, imefungwa. Hata sikufikiri.

Nikaibonyeza!

"Haloo! Wewe baba! Mimi ndiye Zubeda! Sina mlima, nina saluni! Na hiyo ndoo ni yangu!"

Kule Ureno, ukumbi mzima ukainua vichwa kutafuta sauti inatokea wapi. Gaël akaganda.

Nikamsukumia Victoire simu. "Ongea, dada. Usipoongea leo, hutaongea tena."

Akanitazama. Akavuta pumzi. Akasimama.

Jamani, yule mwanamke wa koridoni sikumwona tena. Alianza Kifaransa taratibu, sauti haipandi wala haishuki. Akafungua mlango wa jikoni, akatoka na simu uani, sisi wote nyuma yake kama msafara wa harusi. Akaonyesha ndoo mojamoja.

Huyu Zubeda, kwenye njano, huu hapa ufa. Huyu Placide, kaegemea kushoto.

Halafu akasimama kwenye ndoo yenye kijiti kikavu. Akamgeukia Mayasa na kumnong'oneza:

"Unisamehe, yaya. Leo nitasema."

"Sema!" Mayasa akajibu. "Sema niliumwagia maji ya moto! Bora nionekane mjinga kuliko kuungua!"

Victoire akaeleza. Kule ukumbini kikapita kicheko, kisha wote wakamgeukia Gaël.

Kila kitu alimwandikia yule mtu. Kila kitu! Isipokuwa kile kimoja alichokificha ili asimwaibishe mwenzake. Na hichohicho ndicho kilichomwangusha profesa.

Mnadhani yameisha? Bado!

Mama mwenyekiti akauliza swali la mwisho. Safari hii Victoire mwenyewe ndiye aliyetutafsiria.

"Anauliza... kwa nini nilikataa mwaliko."

"Ulikataa?!"

"Anasema waliandika kwa Gaël mara mbili, athibitishe kwenye ofisi ya ruhusa kwa niaba yao. Akawajibu mimi nimejitoa. Eti nilikuwa msaidizi wake tu, nimeacha sayansi, ninasuka nywele."

Miezi yote ile tulikuwa tunailaani ofisi, kumbe aliyeufunga mlango ni yule tuliyemwandikia aufungue!

Tulipoangalia tena televisheni, Gaël anakusanya makaratasi. Hakuna aliyempigia makofi. Placide peke yake ndiye aliyempungia mkono: "Bon voyage, papa! Usalimie kijiji!"

Sasa mtaniuliza, Victoire alipata ruhusa?

Hapana. Ombi la tatu bado liko mezani kwa mtu, na kila Jumatatu anakwenda kuuliza. Sitaki kuwadanganya ili stori iwe tamu.

Ila mama mwenyekiti aliandika. Barua ndefu, yenye salamu, yenye maswali, yenye asante. Mwishoni akasema: kama daktari haruhusiwi kuja, basi wao hawajakatazwa kwenda.

Wamekuja! Kombi imejaa maprofesa imeegeshwa mbele ya geti langu, watoto wa mtaa wakadhani nyumba imeuzwa. Wamepiga magoti uani kwangu kupima majani, wamekula sombe kwa mikono, na mmoja kasukwa rasta. Kazi imeandikwa upya, jina la Victoire liko mbele. Na chini kuna mstari wa shukrani: Zubeda, Placide, Mayasa. Pameelezwa kabisa kwamba ni watu.

Mayasa kapanda mwingine kwenye ndoo yake. Birika tumemficha.

Wapenzi wangu, niwaambie nililolipata mimi. Usimpime mtu kwa jinsi anavyokuita ndugu. Fungua simu yako, angalia wewe umemwandikia nini na yeye amekujibu nini. Kama wewe ndiye unayetoa kila siku na yeye kazi yake kupokea, hiyo siyo mawasiliano. Unapakuliwa taratibu, na siku sahani ikiisha utaulizwa wewe ni nani.

Na kile unachokifanya, watu wa nyumbani kwako wakijue. Wasomi wenzake hawakumjua Victoire. Sisi wa ndoo tulimjua.

Juzi tuko jikoni, simu yake ikalia. Ni Gaël. Barua, jamani! Kurasa na kurasa. Anaomba msamaha, anaeleza alivyokuwa na presha, anataja Bukavu, anataja mama yake, anaomba amwandikie mama mwenyekiti neno jema moja tu.

Victoire akaisoma yote, taratibu, hadi mwisho. Sisi tumekodoa macho. Placide kaacha kutafuna.

"Utamjibu nini?" nikamuuliza.

Akatabasamu. Akabonyeza mara moja, akaweka simu chini, akaendelea kumenya viazi.

Nikachungulia.

Dole gumba.