Ukungu Kwenye Gari la Mzee

Kila asubuhi ua wa dobi hujaa mashuka. Huanikwa safu kwa safu, meupe, na upepo ukipita huvimba na kushuka, kama vile kuna mtu mkubwa amelala nyuma yake anapumua. Ukisimama katikati unasahau kwamba nje kuna barabara na honi. Unasikia maji yakidondoka tu, na pasi ikigusa kitambaa kibichi.

Dobi anaupenda ua huo kupita kiasi. Mara nyingi husimama na ndoo mkononi, akitazama mwanga unavyopenya kwenye mashuka, akili ikaenda zake.

"Baba watoto!" mkewe humwita kutoka kwenye meza ya pasi. "Umeshaondoka tena?"

"Nipo, nipo."

"Upo wapi? Maji yanafurika!"

Nyuma ya mashuka, karibu na ukuta, lilikuwa limeegeshwa gari la baba mkwe. Lilikuwa gari dogo, la zamani, la bluu iliyoiva, bluu ya mbingu kabla nyota ya kwanza haijatoka. Mzee alikuwa ameendesha magari ya watu wengine maisha yake yote. Hili ndilo la kwanza kuwa lake.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, katika macho yote mawili, na dawa yake ni kupasuliwa. Mzee aligoma. Alisema jicho si suruali, halitiwi mkasi. Alipoligonga kwa gari lango la nyumba yake mwenyewe mchana kweupe, binti yake, mke wa dobi, alilia mbele yake. Hapo ndipo mzee alipokubali. Lakini alikubali jicho moja tu.

Alipasuliwa katika hospitali ya mji mwingine, akabaki kwa dada yake apumzike. Gari alimwachia mkwe wake alitunze. Wiki zikapita. Siku moja, pasi ikiwa bado ya moto, simu ya binti yake ikalia.

"Nakuja Jumamosi," alisema mzee. "Daktari anasema jicho limepona. Mimi nasema tutaona. Huku kila kitu ni kigeni kwangu. Nitajuaje kama naona sawasawa? Lakini gari langu nalijua. Nikilitazama nikaikuta rangi yake ni ileile, jicho la pili nawapa. Nikiona ukungu, wasinisumbue tena."

"Sawa, baba. Utaiona tu."

Mke wa dobi aliweka simu chini akitabasamu. Akapita katikati ya mashuka, taratibu, yakimgusa mabega, mpaka lilipo gari. Hapo tabasamu likamwisha.

"Baba watoto," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Gari zima lilikuwa na madoa. Viduara vyeupe, vidogo kwa vikubwa, vilitapakaa juu ya paa, juu ya boneti, hadi milangoni. Ile bluu ilikuwa imefifia, kama inatazamwa kupitia moshi. Juu ya paa kulikuwa na matone ya utomvu wa mti, yamekauka. Na kwenye boneti ndege walikuwa wameacha mambo yao.

"Lakini mimi naliosha kila Jumapili!" alisema dobi.

Na ni kweli alikuwa akiliosha, tena kwa mapenzi. Shida ni kwamba aliliosha kidobi. Alichota maji ya kisima, akatia sabuni ya unga ya kufulia, akasugua. Kisha akalisukuma gari hadi kwenye jua kali, akalianika. Kulifuta kwa kitambaa hakukumjia akilini. Nani anafuta shuka kwa kitambaa? Shuka hukaushwa na jua. Na alipoona madoa meupe, alidhani ni povu lililobaki. Jumapili iliyofuata akaongeza sabuni, na akaongeza jua.

Mkewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Unajua baba atafikiri nini?" alisema. "Ataona huu ukungu, atasema ni jicho. Atasema wamemharibu. Hatatusikiliza. Na lile jicho la pili ndiyo basi, litazima kabisa."

Moyo ulimuuma dobi, maana alimpenda mzee yule. Alikwenda ndani akarudi na chupa ya dawa kali ya kutoa madoa kwenye nguo nyeupe, na brashi ngumu ya kusugulia kola.

"Doa ni doa," alisema. "Mimi na madoa tunajuana."

Akainamia boneti. Brashi ilikwaruza mara moja tu.

"Weka chini hiyo brashi!"

Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta. Jirani yao alikuwa mwanamke anayepaka rangi magari katika gereji ya mtaa ule. Watu walimwita Bi Taratibu. Katika kazi yake hakuwa na haraka hata kidogo. Akipaka mlango mmoja, jua huzama yeye bado anautazama. Siku hiyo, hata hivyo, alifika uani mbio, na kanga yake ikanasa kwenye kamba ya mashuka.

"Shemeji, unataka kuua gari?" alisema akihema.

"Nataka kulisafisha."

"Kwa hiyo dawa? Itakula rangi. Na hiyo brashi itaacha mikwaruzo ambayo hutaitoa. Kwanza niambie, jua hili limelipiga gari tangu saa ngapi?"

"Tangu Jumapili. Nililianika."

"Ulilianika!" Bi Taratibu alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akamwona mke wa dobi na machozi yake, akaacha kucheka. "Kuna nini, shoga yangu?"

Mke wa dobi akamweleza habari ya mzee, jicho la kwanza na jicho la pili. Bi Taratibu alisikiliza, akapitisha kidole juu ya boneti.

"Basi tulisukumeni kivulini," alisema. "Lipoe kwanza. Rangi ikiwa ya moto haiguswi. Wakati tunangoja, niletee birika lenu la chai."

Walidhani anataka chai. Kumbe alilifunua birika akawaonyesha ndani. Chini kulikuwa na ganda jeupe, gumu.

"Hili limetoka wapi?"

"Maji ya kisima," alisema mke wa dobi. "Ukiyachemsha yanaacha chokaa."

"Basi hayo madoa ni hiki hiki. Maji yenu yana chokaa na chumvi. Tone likikaa juu ya rangi, jua linakausha maji, chokaa inabaki. Ukiacha muda mrefu, inaila rangi yenyewe. Kwenye shuka huioni, maana shuka ni jeupe. Kwenye bluu inapiga kelele."

Dobi aliketi chini kivulini. "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe na jua," alisema Bi Taratibu. "Msilie. Juu ya rangi ya gari kuna ngozi nyembamba inayong'aa. Madoa mengi yamekaa juu ya ngozi hiyo, hayajaingia. Tutayabembeleza tu."

Gari lilipopoa, walianza. Bi Taratibu alikataa sabuni ya kufulia, kwa kuwa hufubaza rangi. Alileta shampuu ya magari. Alitaka ndoo mbili: moja ya povu, moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye gari ukalikwaruza. Walianza juu ya paa wakashuka, wakamaliza na sehemu za chini ambako kuna tope.

Kinyesi cha ndege hakukisugua. Alikilaza kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu juu yake, wakasubiri. Kilipolainika alikiinua kama mtu anayemvua mtoto kofia bila kumwamsha. Utomvu aliugusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, akaosha mahali hapo papo hapo.

"Sasa siki nyeupe," alisema.

"Siki ya kachumbari?" aliuliza dobi.

"Hiyo hiyo, ile isiyo na rangi. Changanya na maji safi ya kunywa, nusu kwa nusu. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya mlango. Rangi ikikubali, endelea."

Rangi ilikubali. Waliloweka vitambaa, wakavilaza juu ya madoa, sehemu moja baada ya nyingine. Vilikaa dakika moja tu, na hawakuviacha vikauke. Kisha walimwaga maji mengi safi na kufuta upesi kwa taulo laini. Mke wa dobi alikuwa wa kwanza kunyanyua kitambaa. Chini yake bluu ilikuwa imerudi, sehemu ndogo, upana wa kiganja. Mashuka yalionekana ndani yake, yakivimba na kushuka.

"Imo!" alinong'ona. "Rangi ya baba imo!"

Walifanya kazi mchana mzima kivulini. Hakuna aliyeharakisha. Kulikuwa na harufu ya siki na mashuka safi, na upepo ukija na kuondoka, na dobi alihisi kama anaosha kitu kilichokuwa ndotoni. Mara mbili alisimama akitazama tu, na mara hizo mbili mkewe hakumwita.

Madoa yaliyogoma, Bi Taratibu aliyapitishia udongo laini unaouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa kazi hiyo. Kwanza alilowanisha rangi kwa maji ya shampuu ili iteleze, kisha akausukuma udongo bila nguvu. Baadaye akapaka polishi kidogo kwa kitambaa, kwa mizunguko midogo. Mwisho wakapaka nta, nyembamba, ili maji yakianguka yateleze yasikae.

Kilibaki kiduara kimoja kwenye boneti, mahali palipokuwa na kinyesi cha ndege. Dobi alitaka kuendelea kukisugua.

"Acha," alisema Bi Taratibu. "Hiki kimeingia ndani ya ngozi. Ukilazimisha, utaitoboa. Dawa yake ni kupaka rangi upya, na hiyo si kazi ya kumaliza kabla ya Jumamosi."

"Mzee atakiona," alisema mke wa dobi.

"Labda hatakiona. Ni kidogo."

"Asipokiona ndiyo vibaya zaidi," alisema dobi.

Ijumaa mchana mvua ndogo ilinyesha, kisha jua likatoka ghafla. Mashuka yote yalikuwa nje. Dobi aliyaacha yalowe. Alikimbilia gari na taulo laini, akafuta tone baada ya tone kabla halijakauka.

"Mashuka ya watu je?" aliuliza mkewe mlangoni, lakini alikuwa ameshika taulo la pili.

Jumamosi mzee alifika, amevaa miwani myeusi, mkono mmoja begani kwa binti yake. Alisalimia, akakataa kuingia ndani. Walimpitisha katikati ya mashuka hadi kivulini. Akavua miwani. Akaliziba kwa kiganja jicho ambalo halijapasuliwa.

Alilitazama gari kutoka paa hadi magurudumu.

"Kumbe bado ni bluu," alisema mwishowe. "Mimi nilishazoea kwamba ni kijivu."

Akaanza kulizunguka gari, polepole, bila kuligusa. Alipofika kwenye boneti akasimama. Akainama, akajiinua, akainama tena.

"Hapa kuna kitu. Kiduara, kama kifungo cha shati." Sauti yake ilibadilika. "Semeni kweli. Ni jicho langu, au ni gari?"

Mke wa dobi alimtazama mumewe. Dobi alisogea karibu na boneti.

"Ni gari, baba," alisema. "Ndege alichafua, mimi nikaliacha juani. Nililiosha vibaya, likajaa madoa. Mengine yote tumeyatoa. Hilo limekataa. Nisamehe."

"Kweli?"

"Kweli. Gusa."

Mzee alipitisha ncha ya kidole. Akakihisi, kidogo sana, kama ukingo wa kovu. Akaondoa kiganja usoni, akakirudisha, akatazama tena kwa lile jicho moja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Binti yake alidhani analia, akamshika mkono. Mzee alikuwa anacheka.

"Mwaka jana sikuona lango zima!" alisema. "Leo naona alama ya kinyesi cha ndege ambacho kimeshaoshwa!"

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Alipopata pumzi, alimgeukia binti yake.

"Mpigie daktari. Mwambie hili jingine liko tayari, na asikawie."

Mke wa dobi alikuwa ameshaanza kubonyeza namba.