Kuku Aliyegandishwa Ukutani

Mwaka wa 2006, huko Kiminini, nje kidogo ya Kitale, Waithera hakuweza kutulia. Jumapili akina mama wa kanisa wangekuja kwake kunywa chai, na ukuta wa sebule ulikuwa udongo mtupu. Nani anywe chai akitazamana na udongo? Akakoroga uji mzito, akapaka ukuta, akabandika magazeti. Magazeti yakaisha kabla ya ukuta.

Juu ya kabati kulikuwa na kitabu cha picha za rangi. Binti yake, Wangu, alikiazima kwa Mwalimu Chemutai, jirani anayefundisha watu wazima kusoma. Waithera hakujua kusoma. Kwake yeye, kitabu cha kweli ni kama Biblia: kizito, hakina picha. Hiki kilikuwa mchezo wa watoto. Akakichana, akabandika karatasi moja moja. Tena kwa uangalifu: kila karatasi alichagua upande wenye picha nzuri zaidi.

Wangu aliporudi kutoka shuleni, alisimama mbele ya ukuta na mkoba mgongoni. Kuku mwekundu amepanda gari la moshi kwenda Bungoma. Karatasi ya pili, kuku amevaa kofia ya dereva. Yaliyotokea katikati yalikuwa upande wa nyuma, yamekumbatiana na uji.

"Mama, kofia aliipata wapi?"

Waithera akamjibu kwamba huyo ni kuku tu, si jamaa yao. Lakini swali lilimwingia kama kiroboto. Akifagia, anasimama kutazama. Akipika, anageuka. Mumewe Kagwe aliporudi kutoka kuuza mahindi sokoni, aliulizwa kabla hajavua viatu.

"Labda alimwibia dereva," Kagwe alisema.

"Ati kuku mwizi, na wageni wa kanisa wanakuja?"

Walijaribu kulowesha karatasi ili waibandue. Ikatoka vipande vipande. Hapo Wangu akalia, kwa sababu kwa Mwalimu Chemutai, mtu aliyeharibu kitabu haazimi kingine.

Waithera akaenda mwenyewe kumwita mwalimu. Chemutai alipitisha kidole kwenye karatasi moja moja ukutani.

"Nilidhani ni picha tu, mwalimu," Waithera akasema.

"Ni picha, ndiyo. Hebu niambie, mama yake Wangu, huyu kuku anafurahi au anaogopa?"

"Anaogopa. Si unaona mabawa?"

"Basi umeanza kusoma. Picha inamwonyesha mtoto njia, maneno yanamtembeza. Keti na Wangu. Mkipata kitabu kingine, kabla ya kufunua ukurasa ulizaneni kitakachotokea. Mikono iwe safi, na kitabu kikae mbali na moshi na panya." Kisha akamgeukia Wangu. "Kurasa zilizofichika mtaziandika nyinyi. Nikizipenda, utaazima tena."

Nyumba ikakosa amani. Kagwe aling'ang'ania wizi wake. Waithera akakataa katakata. Mwishowe walikubaliana: dereva alisinzia karibu na Webuye, ng'ombe wako kwenye reli, kuku akamdonoa sikio. Dereva akaamka, akasimamisha gari, akamvisha kuku kofia kwa shukrani. Wangu aliandika nyuma ya kalenda kuukuu. Waithera alichora kwa makaa; kuku wake alifanana na kiatu, lakini alikuwa kuku. Kagwe akashona kurasa kwa sindano ya magunia.

Jumapili chai ilipoa. Akina mama walikusanyika ukutani wakiulizana, na Wangu akawasomea yaliyokosekana. Mmoja alitaka kujua kama ng'ombe walipona.

Kesho yake Chemutai alisoma kurasa zile, akacheka hadi akajifuta macho. Akaziomba kwa ajili ya wanafunzi wake, na Waithera akasema atazileta mwenyewe darasani, na atabaki kujifunza. Chemutai akatoa kitabu kipya. Wangu akanyoosha mkono, lakini mwalimu akakiweka mikononi mwa Waithera.

Mama na mtoto wakanawa mikono, wakaketi mlangoni penye mwanga. Wangu akashika pembe ya ukurasa afunue. Waithera akaubana kwa kidole.

"Ngoja," alisema. "Mimi bado nasoma."