Blanketi la Safari ya Himalaya

Wewe unayetabasamu, meza hilo tabasamu. Mambo haya yalimpata Skolastika, mwalimu, jirani yangu hapa Gungu, na hakuwa mlevi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, bati linawaka. Skolastika amekaa mezani anapanga safari yake ya Himalaya: siku kumi na mbili kwa miguu hadi kambi iliyo chini ya mlima mkubwa. Njiani watu hulala kwenye nyumba za chai, vijumba vinavyowauzia wapandaji chai na kitanda. Akaandika kwa kalamu: siku ya kwanza, kitanda kimoja. Ya pili, kimoja. Ya tatu, kupumzika, mwili uzoee hewa nyepesi. Waliotangulia walimwonya: vyumbani hakuna moto, beba blanketi zito.

Analo. Na aibu yake ndiyo hiyo.

Mama yake, Stephania, mtu wa milima ya baridi kule Kasulu, aliomba azikwe na blanketi lake la sufu. Skolastika ndiye aliyemfunika. Akamfunika shuka, blanketi akalisukuma uvunguni. Mama yake mdogo, Yunisi, alimuuliza mbele ya waombolezaji:

"Lile blanketi limekwenda naye?"

"Limekwenda, mama mdogo."

Kavu! Hata kope hakupepesa.

Sasa akaenda jikoni kuongeza sukari kwenye chai. Aliporudi, karatasi ilisomeka: vitanda viwili. Vitanda viwili. Kila siku, mpaka ya kumi na mbili. Mwandiko wa mama yake, herufi kubwa zilizolala ubavu. Chini kabisa: NIMESHIKWA NA BARIDI.

Akashusha kikombe. Chai ilikuwa imeganda.

"Hodi!" Yunisi alikuwa ameshaingia. Akasimama. Akajikunyata. Akanong'ona, "Skola, nani amelala chumbani kwako?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Blanketi limetandikwa kitandani. Chini yake, magoti mawili.

Yunisi alilitambua. "Ulisema limekwenda."

Skolastika hakuweza kuinua uso. Angalau angetukanwa! Yunisi alimtazama tu, kama anavyotazamwa mwizi wa sadaka.

Magoti yakasogea ukutani. Pembe ya blanketi ikainuka, nafasi ya mtu mmoja.

Skolastika akachukua kalamu, akafuta jina lake juu ya karatasi. Akaandika: Stephania. Akaiweka kitandani bila kutazama.

"Nenda nalo, mama."

Akatoka, akaufunga mlango. Kitasa kikamnasa kiganja kwa baridi, kikabaki na ngozi. Kovu analo mpaka leo.