Tundu Moja Kifuani mwa Tiuri

"Kwanza mbwa wako walikula wanakondoo wangu, sasa umenilia mume!"

"Oddny, nisikilize jamani! Nimemkuta hivi hivi, nimekuja mbio kukuita!"

"Umekuja mbio? Miguu hiyo hiyo uliyomwendea nayo? Usinisogelee, Halvard! Polisi, mshike huyu!"

Ilikuwa Jumanne, tarehe mosi Oktoba, saa mbili na robo asubuhi. Afande Ragnfrid Tveiten alisimama katikati yao, mkono mmoja kifuani kwa Oddny, mwingine kifuani kwa Halvard, na miguuni mwake kulikuwa na Torleif Nordgard, kifudifudi chini ya uzio, kofia imemvuka. Shingoni alikuwa na tundu dogo. Damu ilikuwa imeingia kwenye nyasi zenye jalidi na kuganda.

"Mlio ulisikia saa ngapi, mama?" Ragnfrid aliuliza.

"Saa moja na nusu. Nilikuwa kwenye sinki, taarifa ya habari ndiyo inaanza. Mmoja tu. Kama mtu anabamiza mlango wa gari." Alifuta pua kwa kiganja. "Sasa nani hapa bondeni ana kibunduki kidogo kama si huyu?"

Halvard Engen, jirani wa upande wa pili wa uzio, hakukana. Anacho, cha milimita tano nukta sita, kile watu wanachokiita mbili-mbili-mbili. Na daktari alipotoa risasi kwenye mfupa wa shingo ilikuwa nzima, yenye koti gumu la shaba, milimita tano nukta sita.

Bonde la Lauvdal halikungoja maabara ya Oslo. Dukani kwa Borghild, ambako kuna meza ya kahawa na viti sita ambavyo havipoi, kesi ilisikilizwa na hukumu ikatoka kabla ya saa sita mchana. Halvard alipoingia kununua maziwa, viti vyote sita vilinyamaza. Alipotoka, mtu alimtemea mbwa wake mate.

"Nikifungwa nitafungwa," alimwambia Ragnfrid, akimkabidhi bunduki yake. "Lakini hawa sitaweza kuishi nao tena hata nikiachiwa. Nimezaliwa hapa, afande. Nitahamia wapi mimi, na miaka sitini na minne?"

Ragnfrid aliipokea. Naye ni wa bonde hilo hilo; alijua maneno ya kwenye kahawa yakishamshika mtu hayamwachii kwa barua ya hakimu.

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, alimsimamisha Oddny kwenye sinki lake, dirisha nusu wazi kama siku ile. Yeye akaenda pembeni mwa msitu na kupiga bunduki ya Halvard mara moja ndani ya gogo. Aliporudi alimkuta Oddny ameshika sikio.

"Huo ni mjeledi," Oddny alisema, kwa kusitasita. "Ule haukuwa hivi. Ule ulikuwa mnyonge."

"Una hakika?"

"Ningependa nisiwe nayo," mjane alisema.

Basi kulikuwa na bunduki nyingine ndogo, tena ya sauti ya chini. Ragnfrid alipekua daftari la vibali: Lauvdal nzima, ya Halvard peke yake. Akarudi kwenye risasi. Koti gumu namna ile ni la wawindaji wa tiuri, yule ndege mweusi wa msituni mkubwa kama bata mzinga; risasi inapita bila kupasuka na nyama inabaki nzima.

Jumanne iliyofuata, saa nane mchana, alimkuta Oddny kibarazani, manyoya mpaka magotini, akimnyonyoa tiuri.

"Ketil kaleta jana," Oddny alieleza. "Unajua desturi, kiongozi wa kikosi cha uwindaji huleta ndege wa kwanza wa msimu kwenye nyumba ya msiba. Kamtundika wiki nzima, kalainika. Tazama kifua kilivyo kizuri!"

Ragnfrid alitazama. Tundu moja la kuingilia, moja la kutokea. Alitoa penseli mfukoni, akaijaribu. Haikuingia.

"Kasema kampiga na nini?"

"Na bunduki ya marisau, ile ya kumwaga punje. Kwani nini?"

"Umekuta punje za marisau humo?"

Oddny alipapasa nyama kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba. Kisha vidole vikasimama.

"Hakuna," alisema. "Afande... hakuna hata moja."

Ketil Braaten, fundi wa mashine mstaafu, kiongozi wa kikosi kwa miaka ishirini na sita, alikuwa na bunduki tatu: ya marisau, ile nene ya kuwindia elgi, wale kulungu wakubwa, na Mauzeri ya bolti ya babu yake. Hiyo ya babu kila mtu alijua haina mtutu. Mtutu wake wa zamani, ulioliwa na kutu, Borghild alikuwa ameutundikia pazia dukani. Na kwa miaka miwili Ketil alikuwa amewachosha watu kwenye kahawa: auwekee mtutu wa risasi gani? Honeti, nayo ya milimita tano nukta sita, ni tulivu, lakini ni fupi mno kwa bolti ya Mauzeri, itabidi ulishe moja moja. Mbili-mbili-mbili inafika mbali, lakini inapiga kelele. Mpaka Borghild akasema akisikia neno Honeti tena atafunga duka.

Saa kumi na nusu Ragnfrid alimweka yule tiuri juu ya meza ya karakana ya Ketil, kando ya mashine ya kukerezea vyuma.

"Mzee Ketil, umeshachagua risasi ya Mauzeri?"

"Bado nafikiria, binti yangu. Si jambo la haraka."

"Mbona tangu Agosti hujalizungumza? Nimewauliza wote wa kahawa. Miaka miwili hukunyamaza hata siku moja, halafu kimya. Borghild alidhani unaumwa."

Ketil alitabasamu kidogo. Macho yalikuwa kwa ndege.

"Nionyeshe punje moja ya marisau humo," Ragnfrid alisema, "niende zangu."

Mwishowe mzee alifungua kabati nyuma ya mashine. Mauzeri ya babu ilikuwa humo, mti wake umepakwa mafuta, mtutu mpya, mwembamba.

"Honeti," alisema. "Niliukereza mwenyewe. Kibali wangenizungusha mwaka mzima."

"Torleif alikukosea nini?"

"Aliniona Agosti, nafukia linksi. Nilimpiga yule paka-mwitu wakati wa marufuku, nilikuwa najaribu bunduki, akapita mbele yangu... Torleif alisema atasimama kwenye mkutano wa kikosi aseme. Nilimsihi. Nikamsihi mara mbili. Wangeninyang'anya bunduki zote, binti yangu, na msitu. Mimi nina nini kingine?"

"Na bado ukampelekea mkewe ndege."

"Ni desturi," Ketil alisema, kana kwamba ameulizwa jambo la ajabu. "Marisau yangemharibu. Ningempelekeaje mjane nyama iliyoraruka?"

Ragnfrid alimfunga pingu.

Alhamisi, saa sita na nusu mchana, alimrudishia Halvard bunduki yake. Hakumkuta nyumbani, alimkuta kwenye uzio, pale pale alipoangukia Torleif, akipigilia nguzo mpya. Oddny alikuwa upande wa pili, mikono ndani ya aproni.

"Nilikuita muuaji mbele ya watu," alisema.

"Uliniita."

"Na mbwa wako kweli walikula wanakondoo wangu."

"Wawili tu, Oddny."

"Watatu!"

Halvard alipiga msumari wa mwisho. Upepo ulileta harufu ya kondoo na kabichi kutoka jikoni. Oddny alitazama nyasi, akatazama nyundo.

"Nimepika sufuria la watu wawili," alisema. "Mkono haujazoea. Acha hiyo nyundo hapo, Halvard, na mabuti uvue mlangoni. Ingia ule."