Laptopu Iliyofutwa Mara Mbili

Mchana, ndani ya jengo la maduka ya simu, hupiti bila kukanyagwa. Kila duka limefungulia spika yake, kila muuzaji anakuita dada hata kama hujamtazama. Hapo kwenye msongamano ndipo msichana mwenye gauni la kijani na kilemba cha njano, amekumbatia laptopu kifuani, alipogongana na kijana aliyebeba kikombe cha chai. Chai yote ikaishia kwenye shati la kijana.

"We kaka! Huna macho?"

"Ninayo, dada. Ndiyo yaliyoniponza."

Msichana alitaka kununa, kicheko kikamtoka. "Haya, nionyeshe fundi wa kompyuta, tusameheane."

"Umempata. Amelowa, lakini ndiye."

Pale jengoni walimwita Fomati, kwa sababu umpelekee mashine yenye ugonjwa gani, tiba yake ni moja: kufuta kila kitu na kupiga window, yaani kuiwekea mfumo mpya. Akaifungua laptopu juu ya meza yake. Ilikuwa kongwe, herufi zimefutika kwenye vitufe na bawaba moja imeshikwa na gundi.

"Inawaka, inafikiri, halafu inazima," msichana akaeleza. "Futa vyote tu, picha zangu nimeshazihamisha. Ila nina haraka, kaka."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo!"

Fomati akacheka mpaka akakosea kuchomeka waya. Tangu siku hiyo akamwita Haraka.

Na hapa ndipo huyu kijana anapoanza kunikera. Wateja wake wote husema wana haraka, kwa hiyo hakuuliza haraka ya nini. Angeuliza, angeambiwa kwamba hoteli ambako msichana alikuwa akipokea wageni imefungwa, kwamba anaishi kwa shangazi yake, na kwamba Ijumaa saa tisa alasiri atasailiwa kwa kazi ya kuhudumia wateja akiwa nyumbani. Waajiri walishasema usaili ni kwa kompyuta, atakayejitokeza kwa simu asijisumbue. Kote alikoomba, ni hao tu waliomjibu.

Diski ilifutwa siku hiyohiyo. Kufuta si kazi. Kazi ni kurudisha. Mfumo mpya ulipanda vizuri, ukakaribia mwisho, ukagoma. Fomati akaanza upya, ukagoma palepale. Kesho yake Haraka akaja, akaketi kwenye stuli, wakaitazama pamoja lile duara linalozunguka bila kwenda popote.

"Imefika wapi?"

"Inakuja."

"Si hata jana ilikuwa inakuja?"

"Jana ilikuwa inakuja kwa miguu, mama. Leo imepata lifti."

Haraka akampiga kibao cha bega. Lifti yenyewe ikaharibikia njiani, maana mashine iligoma tena. Jioni Fomati akampigia simu.

"Halo, Haraka wangu."

"Wako tangu lini? Imepona?"

"Bado. Lakini njoo uione."

"Nije kuangalia kompyuta iliyokufa? Kwani msiba?"

Lakini alikuja, tena amejipaka wanja. Walikaa wakibishana na kutaniana hadi maduka ya jirani yakafungwa, na hakuna aliyeonekana kuiharakisha mashine.

Jumatano Fomati akagundua ubaya ulipo. Tundu la upande wa kulia, alikochomeka flashi yenye mfumo, lilikuwa limelegea, ukiigusa meza tu linakata. Akachomeka kushoto, mfumo ukapanda hadi mwisho. Laptopu ikawaka, akaifungulia muziki, akafurahi sana. Halafu akanywea. Haraka atakuja, atashukuru, ataondoka. Atamwita tena kwa kisingizio gani?

Mwanaume mzima, ana mdomo, ana simu, ana hata namba ya msichana! Unajua alifanya nini? Aliifuta tena.

Ijumaa asubuhi Haraka alifika amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Fomati akaweka uso wa huzuni.

"Imegoma tena, mpenzi. Niachie mpaka wiki ijayo."

"Imegoma ipi?" aliuliza Mama Makava, jirani yake anayeuza makava ya simu. "Si hiyohiyo iliyokuwa inapiga muziki juzi? Nilicheza mpaka kiuno kikaniuma!"

Haraka akamgeukia fundi taratibu. "Ilipona?"

"Ilipona."

"Halafu?"

"Nikaifuta. Ili... urudi."

"Leo saa tisa nina usaili!" Sauti yake ilipasuka, watu wakageuka. "Wa kazi! Nimekaa hapa nakuchekea, kumbe umenifanya mwanasesere wako?"

"Yallah! Sikujua. Nipe, naiweka sasa hivi..."

"Usiiguse!"

Akaibeba laptopu na flashi ikiwa bado imening'inia ubavuni, akatoka anasukuma watu. Mama Makava akamtazama Fomati kutoka juu hadi chini. "Na wewe umekaa tu? Mfuate, zuzu wewe."

Nyumbani, Haraka alijaribu mwenyewe. Alikuwa ameshaona jinsi inavyofanywa, tena mara nyingi kuliko alivyotaka. Mfumo ukapanda, ukakaribia mwisho, ukagoma. Akarudia, ukagoma. Akaipiga meza kwa ngumi, akalia kwa hasira mpaka wanja ukashuka mashavuni.

Shangazi yake, mkunga mstaafu ambaye hajawahi kumwogopa mwanaume yeyote, akaichukua simu ya msichana na kupiga.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mharibifu mkubwa. Uko wapi?"

"Kwenye ngazi zenu hapa. Nilimfuata nyuma, nikaogopa kubisha hodi."

"Asiingie!" Haraka akapiga kelele. "Sitaki kuiona sura yake!"

"Basi hataingia," shangazi akasema. Akafungulia spika, akailaza simu mezani. "Ataongea. Haya, mwanangu, tibu ulichokiua."

Kisha sauti ya Fomati, ya upole: "Flashi umechomeka upande gani?"

"Kulia."

"Kulia kumelegea. Weka kushoto, na usitikise meza."

"Umejua lini hilo?"

"Jumatano."

"Mungu wangu, ungekuwa karibu ningekufinya!"

"Ungefanya vizuri. Sasa izime, halafu uiwashe."

Akamwelekeza kitufe kwa kitufe. Safari hii mfumo ulipita pale pa kugomea. Lakini ulikwenda kama unavutwa kwa kamba, na saa ya ukutani haikumngoja mtu. Kioo kikaandika: usizime kompyuta yako.

"Nani amesema naizima?" Haraka akakifokea kioo. "Washa, nakuomba. Washa!"

"Haraka, ongea na mimi. Watakuuliza nini?"

"Nitamhudumiaje mteja mwenye hasira."

"Utajibuje?"

"Nitampa pole. Nitamsikiliza. Nitamwambia ukweli kuhusu tatizo lake, hata kama ni aibu kwangu." Akainama karibu na simu. "Ukweli. Umesikia, wewe wa kwenye ngazi?"

"Nimesikia."

Mashine ikawaka wakati saa tisa imeshagonga. Haraka akafuta mashavu kwa kiganja, akakata simu bila kuaga, akajiunga na usaili.

Nje, Fomati alishika kichwa. Akikosa kazi hii, huyu msichana hatamsamehe, na hata yeye mwenyewe hatajisamehe. Kupitia mlango akamsikia akiomba radhi kwa kuchelewa, akijibu kwa utulivu, mara akicheka kidogo. Maneno hakuyashika. Aliomba dua zote anazozijua.

Mlango ukafunguliwa. Haraka amesimama na blauzi yake nyeupe, macho mekundu.

"Wamesemaje?" Fomati akasimama.

"Nimepata. Wamenipa palepale, naanza Jumatatu."

"Alhamdulillahi!" Akashusha pumzi. "Hongera. Basi, nisamehe, naenda zangu."

"Uende wapi? Ulifuta kompyuta ya watu ili usiseme kitu. Kiseme."

Fomati hakuwa na meza ya kujificha nyuma yake, wala mashine ya kuinamia.

"Nataka uje kwangu hata kama hakuna kilichoharibika," akasema. "Nakupenda. Nilitakiwa kukwambia Jumatano, nikaogopa."

Haraka alimtazama bila kupepesa macho. Hasira hazikuwa zimeisha, asikudanganye mtu. Lakini mkono wake ulinyooka, ukamshika kola na kumvuta karibu, akamnong'oneza, "Ukiniogopa tena, niambie unaniogopa. Usinivunjie vitu."

"Anaingia au haingii?" shangazi akauliza kutoka ndani. "Shingo imeniuma kwa kuchungulia!"

"Anaingia, shangazi," Haraka akajibu. "Ila ficha laptopu kwanza."