Maji Yasiyo na Ng'ambo

Ko. Kimya. Ko.

Kafi lilikuwa linagonga ubavu wa mtumbwi. Eustadia alifumbua macho gizani, akamkumbatia mwanawe, akasikiliza. Nyumba yao ilikuwa juu mlimani, Kimuli, na mto Kagera uko mbali huko bondeni, wala sauti ile haikutoka nje. Ilitoka ukutani, upande wa kichwani.

"Baba Kahigi," alinong'ona. "Unasikia?"

"Panya hao. Lala."

Lakini Melkiory mwenyewe hakuwa amelala. Alikuwa ameukodolea macho ukuta, akitabasamu. Kutabasamu! Hilo lilimkera mkewe kuliko hata ile sauti.

Melkiory alikuwa mchoraji, na tangu utotoni alichora kitu kimoja tu. Baba yake alivusha watu mtoni, naye akakulia ndani ya mtumbwi, akishiba maji na anga kwa macho. Shuleni alichora maji kwa mkaa. Wenye baa za Nkwenda walitaka chupa na msichana, wakapata mto. Parokiani aliombwa ubatizo wa Bwana, akachora Yordani ukuta mzima, Yohana akabaki kadogo kama punje ya ulezi, hata katekista akauliza, "Sasa hapa anayebatizwa ni nani, kambare?" Watu walicheka. Eustadia naye alicheka. Walikuwa bado wachumba.

Ila ulikuwapo mwiko, wa marehemu baba yake mvushaji. Anayechora maji aanze na ng'ambo: kwanza ukingo wa pili, udongo wake na mafunjo yake, ndipo maji. Mvushaji haondoki bila kuona pa kufikia, kwa sababu chini ya Kagera yumo jini, naye huvusha wale wasiojua waendako. Kwenye kuta za watu Melkiory aliushika mwiko huo miaka yote. Kwenye ukuta wa chumba chake, masika ya mwaka wa themanini na saba, aliuvunja kwa makusudi. Maji na anga, basi.

"Ng'ambo inanibana," alisema. "Nimechoka kuona mwisho."

Eustadia alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, akajiambia rangi ni rangi tu. Kisha chumba kikaanza kunuka tope la mafunjo. Blanketi la mtoto likawa linalowa. Alidhani ni mkojo, akanusa, haukuwa mkojo. Siku moja Kahigi aliamka nywele zikichuruzika maji, vidole vimejikunja kama vya mtu aliyeshinda akifua.

"Futa hiyo picha, Baba Kahigi. Nakuomba."

"Ukiifuta umeniua."

"Na mtoto akifa je?"

Melkiory aliendelea kuosha brashi zake.

Siku iliyofuata, jua likiwaka, Anatolia, mama mkwe wa Eustadia, alikuja kumsaidia kukandika jiko. Alikuwa uani akikoroga kinyesi cha ng'ombe na udongo kwenye ndoo, Eustadia akimenya ndizi, mtoto amelala ndani. Mara ko! Mchana kweupe, kwa nguvu, hata kuku wakatawanyika. Eustadia alitupa kisu akakimbia ndani, akakuta kitanda kitupu, shuka linatiririka maji, na kicheko cha Kahigi kinasikika kwa mbali, kama vile kicheko kinavyosikika juu ya maji, akageuka ukutani akaona mtumbwi ambao hakuna aliyeuchora, ndani yake ameketi mrefu mmoja mwenye mgongo wa magamba, na mbele yake mtoto mwenye fulana nyekundu, mdogo kama kidole gumba, na mtumbwi ulikuwa unaenda, unazidi kupungua, unaenda.

"Mawe! Mama wee!"

Melkiory alikuwa pembeni, brashi mkononi, anatazama. Kumbe alikuwapo muda wote!

"Chora ng'ambo! Chora upesi!"

"Ngoja kidogo, Mama Kahigi," alisema polepole. "Hebu tazama mwanga huo. Maisha yangu yote sijaupata hivi."

"Ngoja? Mwanao yumo, mbwa wewe!"

Alimzaba kofi, mumewe hata hakupepesa macho. Anatolia alikuwa ameingia na ndoo yake. Eustadia aliipokonya, akatumbukiza mikono yote miwili. Kuchora hakujua, lakini kukandika alijua kabla ya kujua a, e, i, o, u. Akavuta ukingo mbele ya mtumbwi, mnene, mbichi, wenye alama za vidole, huku akilitukana jini: "Huyu si abiria wako! Nani alikuita kwangu? Mshushe! Mshushe, mwizi wa watoto!"

Mtumbwi ukagonga. Ukuta ukatikisika, maji yakamwagika sakafuni, na Kahigi pamoja nayo, akikohoa, akilia.

Ndipo yule mrefu akageuka. Hakuwa na uso. Pale pa uso palikuwa wazi, maji na anga, hadi mbali mno. Akanyoosha kafi kuelekea chumbani.

Melkiory aliweka brashi chini. Alijifuta mikono kwenye suruali, kama mtu aliyekaribishwa chakula.

"Melkiory!" mama yake aliita. "Mwanangu!"

Akaingia mtumbwini. Hakumtazama mama, wala mke, wala mtoto aliyekuwa akitapika maji miguuni pake.

Mtumbwi ukaanza kuambaa ukingoni, ukitafuta mahali ambapo kinyesi hakijafika.

"Mama," Eustadia alisema, "huyo ni wako. Nisubiri?"

Anatolia alimtazama mjukuu wake sakafuni.

"Nimemzaa kwa uchungu, ananipa mgongo," alisema. "Kandika."

Walianza kila mmoja upande wake, wakakutana katikati. Chini ya tope kafi lilisikika likigonga, kisha kafi likanyamaza, kikaanza kupiga kiganja cha mtu.

"Ni mkono wake," Anatolia alinong'ona. "Usiache."

Hawakuacha mpaka kikatulia. Uani, Anatolia alinawa, akamfunika Kahigi kwa kanga yake.

"Tutasema amevuka Murongo, ameenda Uganda kutafuta kazi."

"Na Padri akiuliza?"

"Hata Padri. Mtu huungama dhambi zake, mwanangu. Hii si yako."

Eustadia alimpakata mtoto, meno yakigongana kwa hasira zaidi kuliko kwa baridi.

"Sitamwambia mtu mwingine, mama. Naapa. Lakini si kwa ajili ya kumsitiri yeye. Duniani wamo wengi wa namna yake, na wakisikia yaliyomo ukutani mle, watakuja kubandua tope ili nao wavuke."

"Nami naapa," alisema mama yake Melkiory.